Mama Alizikwa Bila Wimbo

Mwaka jana, mwezi wa tatu, nilimpoteza mama siku ya Jumanne. Alhamisi ya wiki hiyohiyo nikapoteza kanisa. Mama alichukuliwa na ugonjwa, kwa hiyo hapo sina wa kumlaumu. Kanisa nilinyang'anywa na watu ninaowajua kwa majina, na mmoja wao leo amekuja kunywa chai kwangu.

Ni Jumapili jioni. Upepo umevuma Sumbawanga tangu asubuhi, ule wa Julai unaopenya hadi chini ya mlango, na mimi nimekaa hapa stoo, mtaa wa Chanji, nimejifunga shuka juu ya sweta. Vumbi la mahindi limenikaa kooni. Sijaenda kusali. Sijaenda kusali popote tangu Novemba.

Mnaonisoma humu kwenye ukurasa wangu siku zote mnajua habari zangu za magunia na mashine ya kusaga na watoto ninaowalea peke yangu. Hili sikuwahi kuliandika. Nililizunguka tu, kama mtu anayeruka dimbwi mlangoni kwake kila siku badala ya kulifukia.

Basi leo naliandika lote.

Nimezaliwa Mkatoliki, kijiji cha njia ya Laela, kwenye nyumba ambayo baba alilima mahindi na mama alilima ulezi. Kwetu kule jumuiya ndiyo kila kitu. Ni nyumba chache za majirani zinazosali kwa zamu, leo kwako, wiki ijayo kwangu, Jumamosi alfajiri kabla ya watu kwenda shambani. Ukitaka kubatiza mtoto, jumuiya iseme inakujua. Ukitaka ndoa, hivyohivyo. Na ukifa, kabla padri hajavaa stola yake, anauliza jumuiya: huyu alikuwa wenu? Wakisema ndiyo, kengele inapigwa. Wakisita, basi.

Mwenyekiti wa jumuiya ya mama yangu ni baba mdogo Kaspari, mdogo wake marehemu baba. Amekuwa mwenyekiti tangu mimi niko darasa la tano. Alipokufa baba, yeye ndiye aliyenipeleka kipaimara. Nayasema haya ili ijulikane kwamba simwandiki mtu wa mbali.

Mama alianza kuvimba shingo. Tulidhani ni tezi, maana wanawake wengi wa huku juu wanazo. Uvimbe ukakua. Nikamleta hospitali, akakaa, wakafanya lililowezekana, kisha daktari akaniita pembeni akaniambia kwa upole kwamba mama akapumzike nyumbani. Mimi ni mtu wa biashara. Nilianza na mzani wa kuazima pale stendi ya Laela, nikanunua mahindi debe kwa debe wakati wenzangu wanapunja wakulima kwa lumbesa, yale magunia ya kujazwa kupita kipimo, nikafika hapa nilipo bila mume wala mjomba mwenye cheo. Sikuzoea kuambiwa nenda nyumbani, hakuna la kufanya.

Kwa hiyo nikafanya. Kuna kanisa la turubai huku mjini, la waliookoka. Mama mchungaji wao ni mteja wangu wa unga. Nikamwomba aje amwombee mama kijijini. Nilimuuliza mama kwanza. Akacheka kwa ile sauti iliyobaki, akasema, "Skola, maombi ni maombi. Waje, ila wasinipigie kelele."

Sasa sikilizeni sehemu hii vizuri, kwa sababu kila kitu kimetoka hapa.

Mama alivaa rozari shingoni tangu nilipopata akili. Ile ya mbao, iliyoungwa kwa uzi wa nailoni kila ilipokatika. Uvimbe ulipokua, uzi ukaanza kumkata. Ngozi ikawa nyekundu chini ya shanga. Hakutaka kuivua. Jumapili moja baba mdogo alikuja kumsalimia baada ya ibada, kama ilivyokuwa kawaida yake. Nilikuwepo. Nilikuwa nimeshika beseni la maji ya uvuguvugu. Alimwangalia mama anavyokunja uso kila akimeza, akasema, "Inamia kidogo, shemeji." Akalifungua fundo kwa mikono yake mwenyewe, taratibu, akiling'ang'ania kwa kucha kwa sababu lilikuwa gumu. Akashika rozari, akamuuliza aiweke wapi.

Mama akasema, "Iweke niione."

Akaitundika kwenye msumari wa dirisha, mbele ya kitanda. Mama alikuwa akilala anaiangalia. Nilimwona midomo yake ikitembea usiku na mchana, macho yakiwa dirishani. Alisali rozari kwa macho hadi mwisho. Hiyo ndiyo kweli yote kuhusu rozari ya mama yangu.

Jumatano ya wiki ileile, mama mchungaji akaja na wenzake wawili. Wakapiga magoti, wakampaka mama mafuta kwenye uvimbe, wakaanza kuomba, na kelele walipiga, ingawa waliombwa wasipige. Katikati ya hayo mlango ukafunguliwa. Ilikuwa jumuiya. Zamu ya mama ilikuwa Jumamosi, lakini Jumamosi kulikuwa na harusi kanisani kigangoni, wakaisogeza, na aliyeagizwa atuambie hakutuambia. Wanawake wa jumuiya, kina mama walioninyoa nywele utotoni, wakasimama mlangoni na vitabu vyao vya nyimbo. Wakaona mafuta. Wakaona shingo ya mama iko tupu. Wakaona rozari iko dirishani.

Kila mtu wa kwetu anajua kwamba wale wa turubai wakikuokoa, kitu cha kwanza wanakuambia uvue rozari.

Mmoja akasema, si kwa sauti kubwa, "Kumbe wameshamvua."

Baba mdogo alikuwa mbele yao wote. Akaliangalia dirisha. Akaniangalia mimi. Nilisubiri afungue mdomo aseme, jamani, huyu nimemvua mimi, shingo inamuuma. Maneno machache tu. Akageuka, akatoka nje, nao wakamfuata. Hawakusali.

Siku ile sikumlaumu sana. Nilidhani amekasirika kuwakuta walokole nyumbani kwa kaka yake, na hasira yake niliielewa. Nilisema moyoni atapoa, ataeleza.

Mama alikaa wiki chache tu baada ya hapo. Siku moja aliniuliza, "Mtanizika na kanisa?" Nikamwambia, mama, unauliza nini, wewe si wa kanisa? Akasema anataka maji ya baraka na anataka wimbo. Hakutaja kitu kingine. Hakuuliza shamba litabaki kwa nani wala nani ataishi katika ile nyumba. Alitaka maji na wimbo.

Alipokufa, baba mdogo ndiye aliyekwenda parokiani kuzungumza na padri. Nilibaki na maiti. Alirudi jioni na kofia yake mkononi, akasema padri amekataa. Marehemu alikana imani.

Nikamuuliza, nani amesema alikana?

Akasema, "Jumuiya imesema, mwanangu."

Jumuiya ni nani? Wewe ndiye mwenyekiti, wewe ndiye uliyeingia ofisini ukafunga mlango. Hilo nilitaka kulisema na sikulisema, kwa sababu wazee wa ukoo walikuwa wamekaa pale, na kwa sababu nilikuwa nimelia hadi sina nguvu ya sentensi ndefu. Mama mchungaji akajitolea kuja kuzika. Wazee wakasema mlokole asikanyage pale. Basi ikawa hakuna wa huku wala wa kule.

Mama yangu alizikwa bila wimbo.

Wanawake wa jumuiya walikuja. Walipika, walichota maji, walisonga ugali wa watu wote wale. Hawakususa kazi hata moja. Ila hawakuimba. Wakati jeneza linashushwa walisimama upande wa barabarani, wamefunga midomo, na wengine walikuwa wanalia kweli, najua walikuwa wanampenda. Mpaka leo sijui nifanye nini na jambo hilo. Mtu anakupikia huku anakunyima wimbo.

Jirani yangu wa hapa mjini, Mzee Hamisi wa duka la spea, ndiye aliyetoa Fuso lake kuleta jeneza la mama kutoka mjini, akaja na wanawe wakasaidia kuchimba. Waislamu. Alisimama kwenye udongo uliofukuliwa, akafungua viganja vyake, akaomba kimyakimya. Nilipoona hakuna anayefungua mdomo nikaanza mwenyewe Baba Yetu. Watu wakaitikia, hata wale wa barabarani nilisikia baadhi yao. Nikafika pale pa kuwasamehe waliotukosea, sauti ikagoma. Wenzangu wakaendelea. Mimi nikawasubiri kwenye neno linalofuata.

Tangu siku ile sijawahi kuisema sentensi ile. Nasali kila siku, hapa stoo, kabla sijafungua mlango wa kwanza. Nikifika pale naruka. Sitaki kumdanganya Mungu asubuhi na mapema halafu niende kumwambia mkulima kwamba mzani wangu ni wa haki.

Miezi miwili baada ya msiba nilikwenda turubai. Niseme ukweli, sikwenda kwa sababu ya imani. Nilikwenda kwa hasira, nilitaka habari zifike kijijini. Lakini nilikaa, na nikakuta vitu nilivyovihitaji. Waliniita kwa jina. Nikiumwa walikuja. Nilijifunza kumwambia Mungu mambo kwa maneno yangu mwenyewe, bila kitabu, kama mtu anayeongea na mwenzake jikoni, na hiyo sijaiacha hadi leo. Nashukuru kwa hilo.

Halafu Novemba ikaja siku ya ushuhuda. Mama mchungaji akashika kipaza sauti, akasema kuna dada hapa ambaye mama yake alivua sanamu shingoni siku chache kabla ya kufa, akaokoka, yuko mbinguni, na dada huyu asimame amtukuze Bwana. Watu wakapiga makofi. Wote wakageuka kuniangalia, nyuso zao zimejaa furaha.

Nikasimama. Nikawaangalia. Nikachukua mkoba wangu nikatoka.

Kwa sababu ulikuwa uongo uleule. Jumuiya walisema mama alikana rozari, wakasikitika. Turubai walisema mama alikana rozari, wakashangilia. Wanabishana kila siku, hawa na wale, lakini juu ya shingo ya mama yangu walikubaliana bila hata kukutana. Na hakuna hata mmoja aliyeuliza kama ilikuwa inauma.

Toka hapo sina kanisa. Watu wananiuliza, siku hizi unasali wapi, Mama Deus? Nasema nipo. Wananiangalia kama mtu aliyeuza nyumba kabla hajapata nyingine.

Na imani yangu je? Kuna vitu vimeanguka. Zamani niliamini kwamba bila padri kaburini roho inabaki nje ya mlango. Siamini tena. Siwezi kumwamini Mungu anayesubiri ripoti ya jumuiya ndipo amjue mwanamke aliyemwomba miaka yote ile. Niliamini pia kwamba kusamehe ni kunyamaza, maana ndivyo tulivyofundishwa, hasa sisi wanawake: nyamaza, mwachie Mungu. Hiyo nayo imeanguka. Lakini kuna vitu havijaanguka, na hapo ndipo ninapohangaika. Ningeweza kulala vizuri kama vyote vingeanguka. Bado nikisikia kengele ya Jumapili mwili unataka kuinuka. Bado naamini kwamba Yesu alimaanisha aliposema tusameheane. Ule mfano wa saba mara sabini niliupigia hesabu nikiwa mtoto, nikapata mia nne na tisini, nikamuuliza katekista ikifika mia nne tisini na moja inakuwaje. Alinipiga kofi. Sasa mimi nakwama kwenye ya kwanza, na mtu mwenyewe hajanikosea mara nyingi. Amenikosea mara moja tu.

Au hajanikosea kabisa. Hilo nitalifikia.

Leo mchana baba mdogo amekuja. Sikumtegemea. Ameshuka kwenye bajaji na kofia yake ileile, kabeba unga wa ulezi kwenye kiroba cha salfeti, zawadi. Nikatoka nje nikampokea.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Biashara?"

"Namshukuru Mungu."

Nikamtengea kiti kati ya magunia, nikampa chai na andazi. Amezeeka. Kikombe anakishika kwa mikono miwili, na nilipoona hivyo nilisikia huruma ikinipanda, nikaikasirikia. Akazungumza habari za mvua na mbolea na nani ameoa. Kisha akaja kwenye kilichomleta. Parokiani kuna padri mpya. Baba mdogo ameongea naye. Padri amekubali kuja kijijini Jumamosi hii, misa ya kumwombea mama na kubariki kaburi. Maji ya baraka. Jumuiya nzima itakuwepo, itaimba.

Nikaweka kikombe chini. Nililiona lile kaburi, nikawaona wale kina mama wamesogea kutoka barabarani, wanaimba. Kwa dakika ile ningempa mzee yule chochote alichotaka.

Akasema, "Ila kuna kitu kidogo."

"Kitu gani, baba?"

"Jumamosi asubuhi kwanza, kwenye jumuiya. Usimame tu mbele ya watu, useme umerudi. Useme ulimpotosha mama yako, na unaomba radhi kwa niaba yake. Maneno mawili matatu tu, Skola. Watu wanataka kusikia, basi."

"Niseme nilimpotosha akakana?"

"Ndivyo ilivyo kwenye macho ya watu."

"Na wewe baba, Jumamosi utasema nini?"

Akaniangalia kama hajanielewa. "Mimi? Mimi nina nini cha kusema?"

Nikamwambia, "Rozari."

Akamalizia chai. Akaanza kuongea Kifipa, kama anavyofanya akitaka jambo liwe la nyumbani, akasema mambo ya zamani hayafukuliwi, marehemu apumzike, nisiwe na moyo mgumu, yeye mwenyewe hana siku nyingi. Akasimama, akanibariki kwa mkono juu ya kichwa, kama siku ya kipaimara. Nikainamisha kichwa. Ndiyo, niliinamisha. Mwili wangu una adabu kuliko mimi.

Alipoondoka, Mzee Hamisi akachungulia kutoka dukani kwake.

"Mama Deus, yule mzee mbona katoka kama aliyekutwa na uzito pungufu kwenye mzani wako?"

"Hajapimwa bado."

"Wewe Mkristo mgumu wewe. Si ninyi mnaogeuza shavu la pili?"

"Nimegeuza, Mzee Hamisi. La tatu sina."

Akacheka hadi akakohoa. Kisha akaacha kucheka, akaniambia kwamba siku ile kaburini aliomba kwa maneno ya kwao kwa sababu ya kwetu hayajui, na mpaka leo anajiuliza kama alikosea. Nikamwambia hakukosea. Nikaingia ndani nikafunga mlango, ndipo nikalia.

Hapa ndipo nilipo, na ninajaribu kufikiri sawasawa.

Mama alitaka maji na wimbo. Vyote viwili vipo, Jumamosi, mbele ya kaburi lake. Bei yake ni mimi kusimama na kusema kwamba alikana. Nimpe mama wimbo wake kwa kumsingizia. Wataimba vizuri, na kila atakayeimba ataondoka anajua kwamba yule bibi aliikana rozari kisha mwanae akamwombea radhi. Watoto wangu watalisikia. Litakuwa ndiyo historia.

Nikikataa, kaburi linabaki kama lilivyo, na mimi ndiye niliyekataa. Mwaka mzima na zaidi nimesema jumuiya ilimnyima mama wimbo. Jumamosi jioni itakuwa ni mimi niliyemnyima.

Nimejiuliza pia, Skola, unataka nini hasa, haki ya mama au aibu ya baba mdogo? Nimekaa na swali hilo tangu saa tisa. Jibu la kweli ni vyote viwili. Nimeizoea hasira hii. Asubuhi naamka inanisubiri kama mfanyakazi mwaminifu. Sijui nikiiachia nitashika nini mkononi. Mungu ananijua kwa hilo, simfichi.

Lakini kuna kitu kingine, na hiki ndicho kinachonitisha.

Mimi sikuwepo ofisini kwa padri. Sijui kilichosemwa. Mwaka wote nimeamini kwamba baba mdogo alinyamaza mle ndani kama alivyonyamaza mlangoni kwa mama. Inawezekana kabisa. Lakini inawezekana pia kwamba alisema. Labda alimwambia padri yule, mimi ndiye niliyeivua, shingo ilikuwa inamuuma, na padri hakumsikiliza, akakataa hivyohivyo, na mzee akarudi na kofia mkononi akaona aibu kutuambia kwamba neno lake halikuwa na uzito. Kama ndivyo, basi nimemchukia mtu kwa kosa ambalo hakulifanya, nimeruka sentensi ya Bwana kila asubuhi bure tu, na leo nimemwacha mzee wa watu aondoke na bajaji kwenye upepo huu bila hata kumsindikiza.

Nikimsamehe bila kujua, nitamsamehe nini? Siwezi kusamehe kimya. Nimejaribu, sipati pa kushika.

Kwa hiyo nimeamua hivi, na baada ya hapa sitaandika zaidi.

Jeni, mdogo wangu, binti wa baba mdogo, najua unasoma humu, ulishaniambia. Keti na baba yako umsomee yote, usiruke kitu kwa kumwonea huruma. Mahali pa rozari msomee mara mbili.

Baba, ni mimi Skola. Ninakuuliza kwa heshima zote, na ninakuuliza mbele ya watu kwa sababu mama alihukumiwa mbele ya watu. Siku ile parokiani, mlango ulipofungwa, ulimwambia padri kwamba ni wewe uliyefungua lile fundo?

Ukisema ndiyo, nakuja nikupigie magoti, mimi ndiye mkosaji, na Jumamosi nitasimama kwenye jumuiya niombe radhi kwako, si kwa niaba ya mama. Ukisema hapana, nashukuru, nitakuwa nimepata kitu cha kukusamehe, na nitaanza kazi hiyo siku hiyohiyo hata kama itanichukua mwaka mwingine. Lakini Jumamosi utasimama wewe kwanza. Utawaambia kina mama wale ulichokifanya kwa mikono yako na mama alikuambia uiweke wapi. Nikikusikia, nami nitasimama nitasema nimerudi, na padri anyunyize maji, na waimbe.

Usinitumie mtu. Usiniambie mambo ya zamani. Usininong'oneze Kifipa. Ijumaa jioni ndipo ninapopakia gari kuja kijijini, au ninapolipaki nibaki hapa. Simu yangu itakuwa wazi hadi saa kumi na mbili jioni ya Ijumaa, na ninataka neno moja tu kutoka kinywani mwako.

Ulimwambia, baba? Ndiyo, au hapana?